Jogoo Aliyewika Kabla ya Magharibi

Kabla ya kuharibu funga ya watu kumi na watatu kwa mkupuo mmoja, mimi Nura nilikuwa mtu wa makosa madogo. Nilitia chumvi kwenye kopo la sukari la walimu. Niliandika tangazo la upimaji wa vichwa, nikalipiga muhuri wa kiazi, na wasichana ishirini wakajipanga foleni wapimwe kwa kamba. Na muhula uliopita nilitengeneza chura.

Chura huyo hakuwa na miguu. Alikuwa king'ora cha gari la kichezeo, transista ya redio iliyokufa, na kijicho cha mwanga nilichokichomoa kwenye taa mbovu ya sola, katika masanduku ya baba yangu, mzee Massoudi, anayeuza vipuri vya pikipiki mtaa wa Nyakabiga. Kijicho kikiona mwanga, king'ora kinanyamaza. Giza likiingia, kinalia. Nilimweka juu ya kabati la bweni. Taa zikizimwa, chura analia. Msimamizi akiziwasha amtafute, chura kimya. Siku ya tatu msimamizi alikuja na fagio na chupa ya maji ya baraka.

Aliyemkamata chura ni Prof Valéry, mwalimu wetu wa fizikia. Niliitwa maabara nikaenda nikiwa nimeshakunja nguo zangu kichwani tayari kwa kufukuzwa. Prof alikuwa amefungua kisanduku, anafuata nyaya kwa ncha ya kalamu.

"Nani amekusaidia?"

"Hakuna, Prof."

"Kaka yako?"

"Sina kaka."

"Baba?"

"Baba anajua pikipiki tu."

Akaweka kalamu chini, akasema, "Samahani. Swali hilo nisingemuuliza mvulana." Akanirudishia kisanduku. "Huyu anajua kusumbua. Sasa mtafutie kazi."

Kazi ilipatikana Ramadhani ilipoingia.

Shule yetu ya bweni iko Gasenyi, pale mji unapoishia. Ukisimama kwenye bomba la nyuma ya jikoni unaliona ziwa chini kabisa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Kati ya wasichana mia mbili na arobaini, Waislamu tulikuwa kumi na watatu, na mlezi wetu alikuwa Maman Miza, mpishi, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, mwanamke mwenye mikono ya kuinua sufuria la maharage peke yake. Alitupikia futari kwenye sufuria ya pembeni na kutuhesabu kama vifaranga. Alikuwa na jambo moja la kujivunia duniani, na tulilisikia kila jioni.

"Miaka tisa," alikuwa akisema, "tangu uzee uniondolee zile siku zetu za ruhusa za kila mwezi, sijadaiwa hata funga moja. Hata moja, munasikia?"

Tulikuwa tukifuturu kwa adhana ya msikiti wa bondeni. Wiki ya pili transfoma ya mtaa ikafa, na kipaza sauti cha msikiti kikafa nacho. Simu ya Maman Miza ilizima kwa kukosa chaji. Ikabaki saa ya ukutani ya bwalo, na Jumatatu nayo ikasimama. Maman Miza aliitazama, akasema ni uzee. Sababu ya kifo nilikuwa naijua mimi, kwa kuwa betri yake ilikuwa mfukoni mwangu. Jogoo wangu alihitaji betri tatu, moja kati ya zake ilikuwa imekwisha nguvu, na ruhusa ya kwenda dukani ni Jumamosi.

Ndiyo, chura alikuwa amegeuka jogoo. Siku ambazo adhana ilikuwa bado inasikika nilimweka dirishani akitazama magharibi, na muadhini alipoanza tu, mimi nilizungusha kifundo cha sauti cha ile redio iliyokufa, kidogo kidogo, mpaka king'ora kilie hapo hapo. Siku tano mfululizo baada ya hapo alilia mwenyewe pamoja na adhana, bila kupishana hata dakika. Umeme ulipokatika, yeye akaendelea peke yake. Wasichana walimpigia makofi. Maman Miza alimfunika kitambaa cha kufuma.

Na huyu ndiye jogoo niliyetakiwa kumwonyesha Injinia Fabiola siku ya Ijumaa.

Injinia Fabiola alikuwa anazunguka shule za mji akitafuta wasichana wa kwenda kwenye mafunzo ya wiki sita wakati wa likizo, karakana ya kweli, kompyuta, vyuma vya kulehemu, kila kitu. Kila shule msichana mmoja. Baba aliposikia, alifuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, akasema maneno ambayo niliyabeba kama jiwe katika kiatu: "Ukichaguliwa na huyo madame, baki kwenye sayansi, sitasema neno. Usipochaguliwa, mwaka kesho unahamia biashara, unakaa dukani kwa shangazi yako. Katika ukoo wetu, mwanangu, sayansi haijampikia mtu ugali."

Shangazi yangu anauza mapazia. Namheshimu sana shangazi yangu.

Alhamisi, siku moja kabla ya injinia, mimi nilikuwa katika siku zangu za ruhusa. Sikufunga, na sala sikuwa nayo. Nilipangwa kuosha vikombe. Mnamo saa kumi na moja na nusu mawingu yalipanda kutoka Kongo, meusi, mazito, yakalifunika ziwa, kisha mji, kisha sisi. Bwalo likawa giza hata huoni aliye mezani mbele yako. Mvua ikaanza kupiga mabati.

Jogoo akalia.

"Alhamdulillah," alisema Maman Miza. Tende zikatembea. Wasichana kumi na wawili na mwanamke mmoja wakanywa maji kwa pamoja, na nakumbuka ile sauti ya koo zikimeza, kwa sababu baadaye niliisikia tena usiku kucha. Wakanywa uji. Wakaingia chumba cha sala, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mihogo na hakina dirisha.

Nilibeba vikombe hadi kwenye bomba. Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ya kunyunyiza, kisha ikakatika. Nikainua kichwa.

Kule ng'ambo, kati ya wingu na milima ya Kongo, palikuwa na upenyo. Na kwenye upenyo jua lilikuwa limekaa. Jua zima, jekundu, mviringo, kama mtu aliyesahau mwavuli akarudi kuuchukua.

Kikombe kilianguka. Sikukiokota. Prof Valéry alikuwa ametufundisha kunyoosha mkono na kupima kwa vidole: kila kidole kati ya jua na mlima ni robo saa ya mchana iliyobaki. Nilinyoosha mkono. Kidole kimoja, na cha pili kikaingia nusu.

Wameshafuturu, wameshakunywa uji, na sasa hivi wanasali magharibi wakati jua limesimama linawatazama.

Nyuma yangu niliwasikia wakitoa salamu. Dakika moja zaidi wangetoka. Wangepita kwenye baraza, na baraza linatazama magharibi. Ningeweza kupiga kelele. Nilichofanya, Mungu aliniona, nilikimbia nikafungua kamba ya turubai la baraza, lile la kuzuia mvua, nikalishusha lote mpaka chini.

Maman Miza alitoka anavaa ndala. "Mbona umeshusha turubai? Mvua si imeisha?"

"Upepo, Maman."

Hapakuwa na upepo hata wa kupuliza unyoya. Aliniwekea mkono kichwani, ule mkono wa sufuria. "Mutoto muzuri, we. Kesho mi nitavaa kitenge changu cha Idi, nitamwambia huyo madame wako mambo ya jogoo. Prof ameniomba niwe shahidi."

Sikuwa nimejua kwamba atakuwa shahidi.

Wingu lilipoziba upenyo tena, nilimtafuta rafiki yangu Assia nikamvuta nyuma ya tangi la maji. Assia ni wa mtaa wa Ngagara, baba yake ni karani wa serikali, na yeye huamini kwamba kila jambo lina fomu yake. Nilimweleza yote, kuanzia betri mpaka turubai. Alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa nini umeniambia mimi?"

"We ni rafiki yangu."

"Nilikuwa rafiki yako nilipokuwa sijui! Mutu asiyejua hana dhambi. Sasa mi najua. Umenitia ndani, Nura. Umenitia ndani na uji nimeongeza mara mbili."

"Adhabu yake ni nini?"

Assia alikunja uso kama anayesoma kitabu. "Kuvunja funga mchana? Siku sitini. Mfululizo."

"Kila mtu?"

"Kila mutu. Na kwa kuwa kosa ni la mashine yako, labda zote zinakuja kwako."

Sitini mara kumi na tatu ni mia saba na themanini. Nilipiga hesabu hiyo kichwani kwa kasi ambayo ingemfurahisha mwalimu wa hesabu. Miaka miwili na siku hamsini ya kufunga, na Ramadhani mbili zikiingia katikati, na huenda nyingine zikawa si mfululizo kwa sababu zile zile za ruhusa, zikaanza upya. Ningefika miaka ishirini bila kula mchana.

"Sikiliza," Assia akasema, akapunguza sauti. "Kesho nyamaza. Ukisema, mafunzo yamekwenda, unauza mapazia. Likizo ikifika tutalipa kimya kimya, mi na we."

"Na Maman Miza?"

Assia alichota maji kwa kiganja, akayatazama kama yanamdai, akayamwaga.

Usiku ule sikulala. Sitausimulia, ulikuwa mrefu na ulikuwa na koo zinazomeza.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikaa darasa la fizikia. Mkurugenzi wa shule alikuwa mbele na shajara yake. Prof Valéry alikuwa amevaa tai. Injinia Fabiola hakufanana na picha niliyokuwa nayo. Alikuwa mfupi, ana buti za kazi zenye tope la Gasenyi, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na jenereta.

"Mi ni mutoto wa Ngagara, Karitie ya Tatu," alianza. "Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shirika la umeme, niligusa swichi isiyo yangu. Karitie ya Tatu yote, mtaa mzima, ikazima. Mama yangu alikuwa anapiga pasi." Darasa lilicheka. "Nilimpigia mukubwa wangu simu kabla yeye hajanipigia. Nikasema ni mimi. Haya, nani anaanza?"

Alianza Nella, msichana wa mwaka wa mwisho, na taa yake ya sola. Taa iliwaka. Injinia akauliza, "Inakosea wapi?"

"Haikosei, Madame."

"Sawa," alisema injinia, akaandika kitu kifupi.

Kisha jina langu. Nilimbeba jogoo mbele, na kitambaa chake cha kufuma. Nilieleza kijicho, transista, kifundo. Ulimi wangu ulikuwa mkavu kama wa mtu aliyefunga, mimi peke yangu kati yetu kumi na watatu niliyekunywa chai asubuhi ile. Prof akafunika kijicho kwa kiganja, jogoo akalia, watu wakapiga makofi. Kwenye benchi la tatu Assia aliniangalia bila kupepesa, midomo imebanwa kama bahasha.

"Tuna shahidi," alisema Prof Valéry kwa fahari.

Maman Miza aliingia. Kitenge cha Idi kilikuwa cha bluu chenye ndege wa njano, na alikuwa amejifunga kilemba kirefu. Mwanamke huyu hajawahi kusimama mbele ya darasa maishani mwake. Alijikohoza, akashika ukingo wa meza.

"Madame Injinia. Mi sikusoma. Mi napika. Lakini mi nafunga, na mutu wa kufunga anaijua saa kuliko wenye saa. Jogoo wa huyu mutoto ametufuturisha siku zote hizi. Hajatudanganya hata dakika. Hiyo mi naweza kuapa. Wall—"

"Usiape, Maman!"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka juu sana, kama king'ora kile kile. Mkurugenzi aliinua kichwa kutoka kwenye shajara. Niliwaza waziwazi pazia la maua makubwa, mita tatu, na shangazi akinionyesha jinsi ya kupinda ukingo.

"Usiape," nikasema tena. "Jana alidanganya. Jana alilia kwa sababu ya wingu. Mlipokuwa mnasali jua lilirudi. Mi nililiona. Ndiyo maana nilishusha turubai."

Wale wasichana wengine wa kufunga, mmoja mmoja, waliweka mikono matumboni, kana kwamba uji ule bado ungeweza kurudishwa.

Maman Miza alinitazama. Nilingoja apige kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliachia ukingo wa meza, akakusanya kitenge chake kwa mkono mmoja, akatoka. Tulisikia ndala zake kwenye baraza mpaka zikaisha.

"Ilikuwa mapema kwa dakika ngapi?" aliuliza Injinia Fabiola.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Madame?"

"Mashine. Iliwahi kwa dakika ngapi?"

"Kama... jua lilikuwa kidole kimoja na nusu juu ya mlima walipomaliza. Ongeza futari na sala. Kama dakika arobaini, Madame."

"Kidole?"

Nilinyoosha mkono nikamwonyesha. Alikwenda dirishani, akanyoosha wake, akapima jengo la jiko. Darasa zima lilimtazama mgongo.

"Uliijaribu siku ngapi?"

"Tano."

"Siku za mawingu ngapi?"

"Hakuna. Anga lilikuwa safi. Wiki ile hayakuja mawingu."

"Ungeyatengeneza."

"Mawingu?"

"Shuka ya bweni," alisema injinia. "Unaitundika dirishani saa kumi, unaona anafanya nini."

Katika maisha yangu nimetumia shuka za bweni kuwatisha watu mara saba. Haikunijia kwamba zina matumizi mengine.

"Na ungemrekebisha vipi?"

"Ningempa saa," nilisema. Maneno yalitoka yenyewe, kwa kuwa niliyarudia usiku kucha badala ya kulala. "Giza peke yake lisitoshe. Saa nayo ikubali. Vyote viwili viseme ndiyo, ndipo alie."

"Vizuri. Hapo bwalo hakuna saa?"

"Ilikuwepo," alidakia mkurugenzi. "Imekufa Jumatatu."

Injinia alinitazama. Prof Valéry alinitazama. Assia alifumba macho.

"Sikuiua," nikasema. "Nilichukua betri yake. Iko humu." Nikafungua kisanduku nikamwonyesha, ya tatu kulia.

Darasa lilicheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wameogopa. Mkurugenzi hakucheka. Alifungua shajara, akaandika kwa utulivu wa kutisha, na nikaweza kusoma kichwa chini: *Masufuria. Wiki mbili.* Injinia Fabiola aliandika kitu kwenye daftari lake pia, na hicho sikuweza kukisoma.

Nilienda jikoni kabla ya kuitwa. Maman Miza alikuwa amevua kilemba, anachagua mawe kwenye maharage, ungo juu ya magoti. Nilisimama mlangoni. Hakuinua macho.

"Ulijua tangu jana?"

"Ndiyo, Maman."

"Ulilala?"

"Apana."

"Mi nililala." Akatupa jiwe. "Nililala vizuri sana, nikamshukuru Mungu, nikakuombea na we. Hiyo ndiyo inaniuma."

Nilianza kulia, na kulia kwangu hakuna heshima, huwa natoa sauti ya bata. Aliniacha nilie mpaka bata akachoka.

"Nitalipa zote," nikasema. "Mia saba na themanini."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Mia saba nini?"

"Siku. Sitini kila mtu."

"Nani amekwambia sitini?"

"Assia."

"Assia amekuwa mufti lini?" Aliupiga ungo maharage yakaruka. "Sitini ni ya watu wazima na mambo yao ya watu wazima, na wanaojua wanachofanya. Sisi tulidhani jua limezama. Siku moja kwa siku moja, na sala tutaisali tena, basi. Mungu si msimamizi wa bweni." Kisha uso wake ukarudi chini, ukawa mzito. "Lakini miaka tisa yangu imekwisha. Sasa nadaiwa."

"Nisamehe, Maman."

"Siku tutakayolipa, utafunga nasi, kwa kuwa na we unadaiwa siku hiyo ya ruhusa. Mashine haimwogopi Mungu. We unamwogopa, basi we ndiye utatwambia jua limezama. Utasimama pale bombani na macho yako mawili." Alinisogezea nusu ya ungo. "Na rudisha betri ya watu."

Wiki tatu sikusikia habari ya mafunzo. Niliosha masufuria ya watu mia mbili na arobaini, na kila mkurugenzi alipopita mlangoni niliangalia mikono yake kama imebeba barua. Idi nilienda Nyakabiga; baba hakuuliza, nami sikusema, na shangazi aliniletea kitambaa cha pazia nione kama napenda rangi. Niliporudi shuleni Prof Valéry alinipa bahasha. Ndani palikuwa na karatasi moja yenye mwandiko wa haraka. Ilisema mafunzo yanaanza tarehe tatu ya Julai, saa mbili kamili asubuhi, nije na buti. Chini yake: *Leta jogoo kama alivyo. Usimrekebishe kabla ya kufika.*

Nilisoma mara nne kutafuta mzaha. Haukuwemo. Nella hakupata bahasha, na kwa siku mbili alinipita bila salamu, nami nilimwelewa.

Tulilipa Alhamisi moja ya mwezi wa Shawwal, ule unaofuata Ramadhani. Wote kumi na watatu, na mimi wa kumi na nne. Siku ilikuwa na mawingu tangu mchana, bila shaka. Saa kumi na mbili kasoro robo nilikuwa nimesimama bombani, saa ya ukutani nimeikumbatia kifuani, ikipiga tiki kwa betri yake halali. Nyuma yangu walikuwa wamejipanga kwenye baraza, kila mmoja na tende yake mkononi. Turubai lilikuwa limekunjwa juu na kufungwa kwa mafundo mawili. Maman Miza alilifunga mwenyewe.

"Limezama?" aliita Assia.

"Bado."

"Mi sioni kitu. Kuna giza."

"Giza peke yake halitoshi."

"Nura, mi nitakufa hapa, na deni litakuwa lako."

Kwenye Kongo wingu lilikuwa moja, la kijivu, kutoka ncha hadi ncha. Sikuliona jua likiingia, sikuliona likitoka. Mshale wa saa ulifika saa kumi na mbili na dakika tano. Na dakika nane. Mikono ililowa jasho saa ikataka kuniponyoka. Umeme ulikuwa umerudi siku hizo, na saa ilipofika na dakika kumi na mbili adhana ikapanda kutoka bondeni, wazi kabisa, na kuku wa jirani wakaingia bandani, na hata hivyo sikuweza kufungua mdomo. Niliendelea kuitazama ile milima, nikingoja upenyo.

Maman Miza alikuja akasimama pembeni yangu. Hakusema limezama wala halijazama. Alishika tende yake akangoja, na nyuma yetu kumi na wawili wakangoja, mpaka adhana ikaisha yote na bonde likawa kimya.

"Mwanangu?" alisema.

Nilitazama saa. Nilitazama Kongo. Nilinyoosha mkono, nikapima kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Limezama," nikasema.

Nikasikia koo zikimeza. Mimi nilikula tende yangu baada ya wote, nikiwa bado nimegeukia magharibi.